Malkia Ida na kumbi zilizomfungulia mlango

Tarehe 25 Juni 2025 ilitimia miaka 100 tangu kuzaliwa kwa Clifton Chenier, mtoto wa wakulima maskini wa pembezoni mwa Opelousas, Louisiana, ambaye dunia ilikuja kumwita Mfalme wa zaideko. Mwenyewe aliipenda heshima hiyo kiasi cha kupanda jukwaani na taji kichwani. Kampuni ya Valcour, ya hukohuko Louisiana kusini, ilitoa albamu ya kumuenzi, na Rolling Stones wakajitokeza humo wakiimba kwa Kifaransa cha Wakrioli. Hapo ndipo habari ilipovuka mipaka. Watu ambao hawakuwahi kulisikia jina zaideko (wenyewe huandika zydeco) wakaanza kuulizana ni muziki gani huu wenye kodiani na bati la kukwaruza. Nami nilifurahi. Lakini kadiri nilivyosoma na kusikiliza maelezo yaliyoandamana na maadhimisho hayo, ndivyo nilivyoona hadithi ikisimuliwa kama nasaba ya wanaume: Mfalme, warithi wa Mfalme, wana wa warithi. Mwanamke alipotajwa, alitajwa mwishoni, kama mgeni aliyeingia karamuni wakati watu wanakunja mikeka.

Hoja yangu ni kwamba simulizi hiyo imekosea kwenye msingi, wala kosa lake si kusahau jina moja au mawili. Wanawake hawakuchelewa kuufikia muziki huu. Walikuwamo tangu ukiwa bado sebuleni na jikoni. Kilichowachelewesha kuongoza bendi ni ukumbi: mahali muziki ulipohamia ulipoanza kulipwa, saa ulizopigwa, na macho yaliyomtazama mwanamke aliyekutwa huko usiku. Pale ukumbi ulipobadilika, mwanamke alisimama mbele ya bendi na kodiani yake kifuani, na akakaa hapo miaka mingi. Ushahidi ulio wazi kuliko wote ni Ida Lewis Guillory, anayejulikana kwa jina la Queen Ida, na bendi yake ya Bon Temps. Na katika habari zake kuna jambo moja ambalo sherehe za Mfalme zimelipita kimya: kati ya Mfalme na Malkia, aliyetangulia kupata tuzo ya Grammy ni Malkia.

Nianze na mahali penyewe. Kusini magharibi mwa Louisiana ni nchi ya mpunga, miwa na mabwawa. Huko waliishi jirani watu wa aina mbili waliozungumza Kifaransa. Kulikuwa na Wakajuni, wazao wa Waakadia, walowezi wa Kifaransa ambao Waingereza walianza kuwafukuza Nova Scotia, Kanada ya leo, mwaka 1755. Na kulikuwa na Wakrioli weusi, wazao wa watumwa na wa watu huru wenye asili ya Afrika. Waliazimana nyimbo, waliazimana fidla, na baadaye wote wawili wakaikumbatia kodiani, kinanda kile cha kuvuta na kusukuma kilichotengenezwa na Wajerumani na kuuzwa madukani kwa bei ambayo mkulima angeweza kuifikia. Mziki ulikuwa wa dansi hasa, walsi na hatua mbili, na bendi ilipimwa kwa jinsi ilivyowaweka watu sakafuni. Msomaji aliyekua na muziki wa dansi wa Dar es Salaam, Nairobi au Lubumbashi anakijua kipimo hicho bila kufundishwa. Wakajuni waliufanya wao uitwe wa Kikajuni; wa Wakrioli, ulipokutana na bluzi za mijini baada ya Vita Kuu ya Pili, ndio uliokuja kuitwa zaideko.

Kuazimana nyimbo, hata hivyo, hakukuwa kukaa meza moja. Amédé Ardoin, Mkrioli mweusi, na Dennis McGee, mpiga fidla aliyehesabiwa miongoni mwa wazungu, walirekodi pamoja mwaka 1929, na sahani zao zilikuja kuwa chemchemi ambayo bendi za pande zote mbili zinachota hadi leo. Lakini Ardoin alipopiga kwenye dansi za wazungu alikuwa mtu wa kuajiriwa tu, mwenye mipaka yake. Wazee walisimulia kwamba usiku mmoja alikubali leso ya mwanamke mzungu ili ajifute jasho, na baada ya dansi akapigwa vibaya mno, asirudi tena kuwa yule aliyekuwa. Alifariki mwaka 1942 katika hospitali ya wagonjwa wa akili huko Pineville. Nakieleza kisa hiki kwa sababu kinaonyesha ukumbi ulikuwa nini. Ukumbi ulikuwa na sheria zake zisizoandikwa: nani aingie kwa mlango upi, nani amguse nani, nani aonekane amesimama wapi. Anayetaka kujua kwa nini mwanamke fulani hakuongoza bendi fulani, aanze na sheria hizo kabla hajafika kwenye kipaji.

Kabla ya kumbi palikuwa na nyumba. Wakrioli waliita dansi ya nyumbani la la, neno ambalo kwa sikio la Mswahili linachekesha, kwani hakuna aliyelala. Jirani mwenye nyumba kubwa kidogo alitoa vitanda nje, chakula kikapikwa, na wapigaji wakakaa pembeni. Wakajuni nao walikuwa na fais do-do, na hapa maana ni kulala kweli: ni maneno ya kumbembeleza mtoto asinzie. Watoto walilazwa chumba cha pili ili mama zao wacheze. Katika dansi ya namna hiyo mwanamke alikuwa mwenyeji, mpishi, mchezaji, na mara nyingi ndiye aliyezihifadhi nyimbo. Wakusanyaji wa nyimbo za jadi John na Alan Lomax walipopita Louisiana mwaka 1934 na mashine yao ya kurekodi, baadhi ya tenzi za kale walizozipata zilitoka vinywani mwa mabinti wa familia ya Hoffpauir, New Iberia, walioimba bila ala yoyote. Mwaka huohuo, huko Jennings, waliwarekodi Wakrioli wakiimba juré, uimbaji wa makofi na miguu uliotumika hasa wakati wa Kwaresima, ala zilipokuwa zimewekwa kando. Ndani ya wimbo mmoja wa juré umo msemo kwamba maharage hayana chumvi, les haricots sont pas salés, yaani hapakuwa na nyama ya chumvi ya kuyakolezea. Maneno hayo les haricots, yanayosikika kama "lezariko", ndiyo yanayotajwa, katika matamshi ya Wakrioli, kuwa asili ya neno zaideko.

Tulitazame jambo hili kwa makini. Muziki huu umepewa jina la chungu kisicho na nyama ya chumvi, yaani umaskini uliojulikana na yule aliyeinama jikoni. Ala yake ya pili kwa umaarufu, bati la kifuani wanaloliita frottoir, imetokana na ubao wa kufulia nguo. Mwaka 1946 Chenier, akifanya kazi kwenye mitambo ya mafuta ya Port Arthur, Texas, alimchorea mchomeleaji Willie Landry umbo alilolitaka, na ubao wa dobi ukawa fulana ya bati yenye mabega, ambayo kaka yake Cleveland aliikwaruza kwa ustadi mkubwa. Ulikuwa ubunifu wa kweli, na sifa ni zao. Lakini kifaa kilitoka kwenye beseni la mama, kikavalishwa kifua cha mwanamume, kikapanda naye jukwaani. Mama hakupanda nacho.

Kuna mmoja aliyepanda mapema. Mwezi Aprili 1928, huko New Orleans, kampuni ya Columbia ilirekodi sahani inayotajwa kuwa ya kwanza ya muziki wa Kikajuni. Joe Falcon alishika kodiani na Cleoma Breaux, aliyekuja kuwa mkewe, alishika gitaa. Watu wa kampuni walipowaona ni wawili tu walisita, hadi mfanyabiashara mmoja wa mji wa Rayne alipoahidi kununua sahani kwa mamia. Cleoma hakuwa pambo. Gitaa lake ndilo lililobeba mdundo wote, na katika sahani zilizofuata aliimba yeye, kwa sauti kali inayopenya kelele za ukumbi. Siti binti Saad naye alisafiri kutoka Unguja hadi Bombay mwaka huohuo wa 1928 kurekodi sahani za kampuni ya HMV. Sidhani ni sadfa tupu. Kampuni za santuri za zama hizo zilikuwa zikisaka wanunuzi wa kila lugha na kila pembe, na mbele ya maikrofoni ya kurekodia swali la nani anafaa kuonekana ukumbini usiku lilipungua uzito. Kilichohitajika ni sauti itakayouza. Chumba cha kurekodia kilikuwa ukumbi wa aina nyingine, na mlango wake ulikuwa wazi kidogo zaidi. Cleoma alifariki mwaka 1941, akiwa hajafika hata miaka 40. Dansi za Wakajuni zikaingia miongo ya bendi kubwa na kumbi za pombe, ambako baadhi ya majukwaa yalizungushiwa wavu wa mabanda ya kuku ili chupa zisiwapate wapigaji. Ndani ya wavu huo mwanamke alikuwa nadra.

Sasa twende kwa Ida. Alizaliwa Lake Charles tarehe 15 Januari 1929 katika familia ya Wakrioli wakulima wa mpunga, ikizungumza Kifaransa nyumbani. Alipokuwa msichana mdogo familia ilihamia Beaumont, Texas, na baada ya vita ikasogea hadi San Francisco. Mama yake alikuwa na kodiani na aliipiga nyumbani. Ida alijifunzia kwenye kodiani hiyo, lakini alikua akijua kwamba hicho ni chombo cha wanaume na kwamba binti mwenye heshima hakipeleki mbele za watu. Akaolewa, akazaa watoto watatu, akapata kazi ya kuendesha basi la shule. Kaka yake, Al Rapone, ndiye aliyekuwa na bendi. Ida alianza kupanda jukwaani miaka ya 1970, watoto wakiwa wameshajiweza, na jina la Malkia alilipewa kwenye Mardi Gras, sherehe za kuikaribisha Kwaresima, mwaka 1975, akiwa na miaka 46. Mwaka uliofuata alikuwa na mkataba na kampuni ya GNP Crescendo. Mwanzoni mwa 1983 albamu iliyorekodiwa katika ziara ya bendi yake ilipata Grammy katika fungu la muziki wa asili na wa makabila. Chenier alipata yake mwaka uliofuata. Mwaka 2009 taifa la Marekani lilimtunuku Ida heshima yake ya juu kabisa kwa wasanii wa sanaa za jadi.

Kwenye mambo haya kuna swali ambalo wasimulizi wengi hulipita: kwa nini California? Kwa nini mwanamke wa kwanza kujulikana kuongoza bendi ya zaideko na kodiani mkononi atokee karibu kilomita 3,000 kutoka Opelousas? Jibu la haraka ni kwamba huko kulikuwa na uhuru zaidi, watu wa pwani ya Pasifiki hawana mambo mengi. Silikubali jibu hilo. Wakrioli wa San Francisco, Oakland na Richmond walikuwa watu walewale, Wakatoliki walewale, wenye adabu zilezile. Walifika kwa maelfu wakati wa vita, karakana za meli za Kaiser pale Richmond zilipohitaji mikono, na baada ya vita wakaita ndugu zao. Kilichokuwa tofauti ni mahali walipochezea. Wakiwa wachache na wametawanyika katika miji mikubwa, hawakuwa na mitaa yao ya vilabu vya usiku kama ilivyokuwa nyumbani. Walikuwa na parokia. Dansi zilifanyika kwenye kumbi za makanisa, kama St. Mark's pale Richmond, na fedha za mlangoni zikasaidia kanisa. Chenier mwenyewe alirekodiwa akipiga hapohapo St. Mark's mwaka 1971.

Ukumbi wa parokia unabadilisha hesabu yote. Padri anaujua. Bibi yumo, amekaa kwenye kiti cha ukutani. Watoto wanakimbizana kati ya meza. Akina mama wa parokia ndio wenye sufuria za gambo, mchuzi mzito wa Louisiana, na ndio wanaojua nani ameingia. Hapo mwanamke wa miaka 46 mwenye kodiani hatazamwi kama aliyepotea njia. Ni dada wa parokia anayewachezesha watu wake. Kwa maana nyingine, kanisa liliirudisha dansi kwenye masharti ya la la, nyumba iliyo wazi kwa rika zote, ila safari hii kukiwa na kiingilio na kipaza sauti. Ndiyo maana sioni sababu ya kumweleza Ida kama mwasi aliyevunja mila. Alivyosimama mbele ya bendi ilikuwa ni kuendeleza mila ya mama yake katika chumba kikubwa zaidi. Mwasi angehitaji kuikana jamii yake. Ida aliinuliwa nayo, na taji lake alivishwa na watu wake mwenyewe kabla kampuni yoyote ya muziki haijamjua.

Wapo watakaopinga, na baadhi ya pingamizi zina uzito. Lenye uzito kuliko yote ni kwamba Chenier alistahili kila sherehe aliyofanyiwa, na kwamba hakuna mwanamke wala mwanamume aliyeubadilisha muziki huu kama yeye. Nakubali bila kusitasita. Aliingiza kodiani ya vibao vya kinanda ndani ya bluzi, akaipa bendi saksofoni na mdundo mzito, akawafanya vijana wasiionee haya lugha ya bibi zao katika jimbo ambalo katiba yake ya 1921 iliifanya Kiingereza kuwa lugha pekee ya shule. Sidai apunguziwe hata wimbo mmoja. Ninachodai ni kwamba kumuenzi mtu hakulazimu kuigeuza historia ya jamii nzima kuwa mti wa ukoo wake.

Pingamizi la pili husema zaideko ya California si halisi. Kwamba Ida alipiga kodiani ya vifungo kwa namna iliyopakana na muziki wa Wameksiko wa mpakani, nyepesi kuliko ya Opelousas. Ni kweli kwamba mguso huo unasikika kwenye upigaji wake, na mtu aliyekulia Texas na California angeukwepa vipi? Lakini tukianza kukata uhalisi kwa ramani, tutamkata na Mfalme. Bati lake lilichomelewa Texas. Sehemu kubwa ya watu waliomkuza walikuwa Wakrioli wa Port Arthur na Houston. Hata herufi za neno zydeco tunazoziandika leo zilipangwa na mtafiti Mack McCormick akiusikiliza muziki huo Houston. Muziki huu ulipata umbo lake la kisasa mikononi mwa wahamiaji waliofuata kazi kwenye mafuta na meli. Ida ni sehemu ya uhamaji huohuo, hatua chache mbele zaidi upande wa magharibi.

Lipo pia lile la kusema kwamba Ida alikuwa sura ya mbele tu, kazi yenyewe ikifanywa na kaka yake aliyepanga nyimbo na kusimamia kurekodi. Mchango wa Al Rapone ulikuwa mkubwa, na bila gitaa lake albamu za mwanzo zisingekuwa zilivyo. Lakini alipokwenda kuongoza bendi yake mwenyewe katika miaka ya 1980, Bon Temps haikuzimika. Ida aliendelea kuzunguka Marekani na ng'ambo, na baadaye mwanawe Myrick akasimama naye jukwaani kwa kodiani. Hakuna anayedai kwamba Chenier alikuwa sura ya mbele tu kwa kuwa Cleveland alikuwa pembeni yake na bati. Msaada wa kaka kwa mwanamume huitwa bendi ya familia. Kwa mwanamke hugeuzwa kuwa ushahidi dhidi yake.

Pingamizi dhaifu kuliko yote ndilo nililolisikia mara nyingi zaidi, na linasemwa kwa nia njema: eti kodiani ni nzito, safari za usiku ni ngumu, na kwa hiyo wanawake wenyewe hawakuvutiwa. Mwanamke wa shamba la mpunga aliyebeba maji, kuni na mtoto hakuwa na shida ya uzito wa kinanda. Na kuhusu kuvutiwa, ushahidi unasema kinyume kwa namna inayouma. Rosie Ledet, aliyezaliwa Church Point mwaka 1971, yaani kizazi kizima baada ya Ida na katikati kabisa ya nchi ya zaideko, alijifunza kodiani kwa kificho. Mumewe, mwanamuziki, alipotoka nyumbani, yeye alichukua kodiani yake akajifunza peke yake, hadi siku alipomwonyesha alichokiweza. Mume akamuunga mkono, bendi ikaundwa, na albamu yake ya kwanza ikatoka mwaka 1994. Mtu hajifichi kufanya asichokitamani. Kwa upande wa Wakajuni, Sheryl Cormier, aliyezaliwa 1945, alikuja kuongoza bendi kwa kodiani na aliwahi kuunda kundi la wanawake watupu. Ann Savoy wa Eunice, mwenye kitabu kikubwa cha historia ya muziki wa Kikajuni kilichotoka 1984, akaanzisha na wenzake Magnolia Sisters. Hamu ilikuwepo kila kizazi. Kilichopungua ni mahali pa kuitolea.

Kanda yangu ya kwanza ya muziki huu niliachiwa na rafiki baharia pale Mombasa, na kwenye kasha lake palikuwa na picha ya mama mmoja ameshika kodiani. Niliyekuwa naye sebuleni aliitazama akauliza: "Huyu mama anampigia nani?" Halikuwa swali la dharau. Alikuwa amezoea bendi ambazo mwanamke huimba au hucheza, na ala humfuata mwanamume. Nimelikumbuka swali hilo mwaka mzima wa maadhimisho haya, kwa sababu ndilo lililojificha ndani ya maelezo mengi niliyoyasoma.

Kuna pingamizi moja zaidi ambalo linanisumbua kwa haki. Baadhi ya wanamuziki wanawake hawapendi kuitwa bendi ya mwanamke. Wanataka wahesabiwe kwa dansi waliyoichezesha. Wana haki, na ningependa siku moja makala kama hii isiwe na kazi. Lakini hesabu ya sasa haijafika hapo. Mwaka 2008 Grammy ilianza kutoa tuzo ya pekee ya zaideko na Kikajuni. Ilitolewa mara nne, hadi 2011, kwa Terrance Simien, BeauSoleil ya Michael Doucet, Buckwheat Zydeco na Chubby Carrier, wote wapigaji hodari na wote wanaume. Magnolia Sisters waliteuliwa wakarudi mikono mitupu. Kisha mafungu ya tuzo yakapunguzwa kutoka 109 hadi 78, na fungu hilo likamezwa na lile la muziki wa asili wa kimaeneo, ambako zaideko inashindana na Hawaii na wengineo. Mtu anayejifunza historia kwa orodha za washindi ataona ufalme mtupu. Na orodha ya zamani, ile ya 1983 yenye jina la Ida, imekaa chini ya fungu lenye jina jingine kabisa, ambako asiyemtafuta hatamkuta.

Ikiwa nina haki kwamba ukumbi ndio uliofunga na kufungua, basi kinachofuata si hotuba za kuwahimiza wasichana. Ni maswali ya saa na mahali. Baa ya Fred's Lounge, katika mji wa Mamou, Louisiana, inapiga Kikajuni Jumamosi asubuhi, jua likiwa limewaka, na imefanya hivyo kwa miongo kadhaa. Mji wa Breaux Bridge, jimbo hilohilo, ulipata jina kwa dansi za zaideko za wakati wa kifungua kinywa, bibi na mjukuu sakafu moja. Dansi za namna hiyo hutazamwa na wapenzi wa usiku kama burudani ya watalii. Mimi naziona kama mrithi wa la la na wa ukumbi wa parokia, na ningetaka waandaaji wazihesabu hivyo: mama mwenye watoto wadogo anaweza kuongoza bendi kwa urahisi zaidi saa 3 asubuhi kuliko saa 7 usiku, na hatalazimika kungoja afikishe miaka 46. Albamu ya kumuenzi Chenier inachangia ufadhili wa masomo ya muziki wa jadi katika Chuo Kikuu cha Louisiana pale Lafayette. Ni jambo jema sana, kwa sababu darasa nalo ni ukumbi, tena usio na wavu wa kuku. Ningependa kuona ni wangapi kati ya watakaonufaika wanakuja na kodiani za mama zao.

Tarehe 15 Januari 2029 itatimia miaka 100 tangu alipozaliwa Ida Lewis. Muda huo uko karibu. Kuna albamu za Bon Temps tangu 1976 zinazostahili kutolewa upya kwa sauti iliyosafishwa, na maelezo yanayotaja nani alipiga nini. Kuna waliochezea St. Mark's wangali vijana ambao sasa ni wazee: waliokata tiketi mlangoni, waliopika gambo, waliomwona dereva wa basi la shule akivaa kodiani kwa mara ya kwanza. Kumbukumbu zao hazimo kwenye sahani yoyote. Mtu mwenye kinasa sauti aende akae nao parokiani Jumapili baada ya misa, awaulize dansi ilianza saa ngapi, nani alikaa na watoto, na ni nani aliyemwambia Ida apande.